Jake Kafa, Hela Ziko Wapi?

SWALI: Dada, shikamoo. Nimesoma igizo la Serious Money la Caryl Churchill, nimecheka peke yangu kama chizi ila limeniacha njia panda. Mwanzoni Jake anakufa kwa risasi, dada yake Scilla anaanza kutafuta nani kahusika, nikasema hapa nimepata hadithi ya upelelezi, nikakomaa mpaka ukurasa wa mwisho na sijaambiwa aliyeua ni nani! Sijaelewa mimi au mwandishi kasahau?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujakosa kitu, hakuna anayeambiwa, na ndo utani wenyewe uko hapo. Mfuatilie vizuri Scilla, binti wa dalali wa hisa wa London na yeye mwenyewe anauza na kununua pale kwenye soko la LIFFE, soko la ile mikataba ambayo mnapatana bei leo kwa kitu kitakachokabidhiwa miezi ijayo. Anaanza na uchungu wa kweli, anamfuata huyu, anambana yule, halafu anagundua marehemu alikuwa anauza habari za ndani za makampuni na amepiga hela ndefu. Basi swali linageuka hapo hapo. Kinachomuuma sasa ni kwamba kaka alikula peke yake bila kumshtua, na hizo hela ziko wapi, na yeye anazipataje. Mwisho anaishia kufanya kazi kwa Marylou Baines, yule mama wa Marekani aliyekuwa ananunua habari kwa Jake!

Ila usimcheke sana. Hebu niambie ukweli, ulipofika pale Billy Corman anahangaika kuinunua kampuni ya Albion kwa nguvu, anatafuta washirika wamnunulie hisa ili bei ikae juu, ulikuwa bado unamuwaza Jake? Mimi mara ya kwanza nilijikuta nawaza Corman atatoboa au hatoboi, maiti nimeshaisahau kabisa. Na Churchill anakusaidia kusahau maana hadithi inarudi nyuma kila mara, Jake yuleyule unamwona mzima anapiga dili kwenye simu, kwa hiyo hata msiba haukai kichwani. Mchezo mzima uko hivyo, watu wanaongea haraka, hela zinaruka, na wewe mtazamaji unavutwa na kasi ileile inayowavuta wao.

SWALI: Mimi na wenzangu tunataka kulicheza jukwaani. Tumekwama kwenye vile vimkwaju (/) vilivyojaa katikati ya sentensi, halafu mistari ina vina kama shairi. Tuyasome kama mashairi au tuongee kawaida?

JIBU: Ule mkwaju ni maelekezo, maana yake mwenzako anaanza kusema hapohapo wakati wewe hujamaliza, na wewe usinyamaze, malizia. Watu wanaufuta kwa kuogopa kelele, kosa kubwa, mkishaufuta mnabaki na watu wanaopokezana zamu kwa adabu kama kikao cha harusi na hakuna soko la namna hiyo. Pale LIFFE miaka ile walikuwa wanapiga kelele na kuonyeshana bei kwa vidole, wamevaa majaketi ya rangi rangi, anayesubiri mwenzake amalize amekula hasara. Vina msivikazie, semeni kama mnagombana, sikio litavisikia lenyewe. Fanyeni zoezi na ukurasa mmoja tu kwa wiki nzima, mwanzo mtachanganyikiwa halafu ghafla itakaa.

SWALI: Eti ni kweli walewale madalali waliochekwa ndo walijaza ukumbi? Hawakuona aibu? Na hii tamaa ya hisa si imeletwa na kompyuta?

JIBU: Walijaa kweli. Igizo lilianza ukumbi wa Royal Court, London, Machi 1987, miezi michache baada ya ile Oktoba 1986 soko la London lilipobadilishwa sheria, kamisheni za madalali zilizopangwa kiwango kimoja zikafutwa, biashara ikahamia kwenye skrini, na vijana wa mtaani wenye midomo wakaanza kupata hela kuliko watoto wa wakubwa. Vijana haohao wakaja kujitazama, na Julai igizo likahamia Wyndham's, ukumbi mkubwa wa kibiashara. Aibu ya nini sasa? Ukimwonyesha mtu jukwaani kwamba yeye ni mjanja, ana kasi, anapata hela kila dakika, kwake hiyo ni sifa, hilo neno mwizi wala halisikii. Hapo namlaumu kidogo mwandishi, kawapa mistari mitamu mno. Miezi mitatu baada ya kuhamia Wyndham's, tarehe 19 Oktoba, soko la New York likaporomoka asilimia 22.6 kwa siku moja na London nayo ikalia.

Kuhusu kompyuta, hapana kabisa ndugu yangu. Igizo lenyewe linafunguliwa na kipande cha tamthilia ya Thomas Shadwell ya 1692, rudi ukakisome maana najua wengi wanakiruka. Watu wanauziana hisa za mtego wa panya, eti utawavuta panya wote wa nyumba waingie wenyewe watake wasitake, hisa kabla ya hati ya uvumbuzi (patent) ni pauni 15, hati ikishatoka hata 60 hawapokei. Mwingine anauza hati ya mtu wa kutembea chini ya maji. Anatokea mmoja anasema wazi kwamba vitu hivi viwe na faida visiwe nayo, shida yetu ni kuzungusha hela tu. Panya mwenyewe haonekani.