Wastani Ulinipokonya Friza

Juzi usiku dada mmoja muuza chapati kanitumia ujumbe: "Dada, kwa wastani napata faida ya elfu arobaini kwa siku. Kuna mkopo, marejesho elfu ishirini na tano kila siku. Nichukue?" Nilisoma mara tatu, tumbo likanikata. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikajijibu vibaya.

Nilikuwa nauza sambusa na juisi ya ukwaju barazani, Tandika. Daftari nilikuwa nalo, hilo najisifia. Wenzangu wengi walihesabia kwenye pindo la kanga. Faida ya wiki niliyompelekea afisa mikopo ilikuwa hivi: Jumatatu 28,000, Jumanne 31,000, Jumatano 25,000, Alhamisi 30,000, Ijumaa 33,000, Jumamosi 246,000, Jumapili 27,000. Jumamosi hiyo ni oda ya kichen pati. Nilikesha nakunja sambusa, vidole vikanuka kitunguu hadi Jumanne.

Yule kijana akabonyeza kikokotoo. Jumla 420,000, gawanya kwa saba, 60,000. "Mama, wewe ni wa elfu sitini kwa siku!" Kichwa kikavimba. Marejesho 35,000 kila siku, dhamana friza. Nikasaini.

Haya, nionyesheni siku ya elfu sitini humo. Haipo! Siku sita kati ya saba sikufikisha hata hayo marejesho. Na mkopo wa kausha damu hausubiri kichen pati nyingine. Ya katikati nayaruka. Wiki ya tano walikuja na kirikuu, friza ikatolewa mbele ya wateja wangu, ukwaju ukiwa umeganda ndani. Mpaka leo kirikuu ikipunguza mwendo pale nje, moyo unaruka.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, wa sekondari. Alichukua daftari akapanga upya kuanzia ndogo: 25, 27, 28, 30, 31, 33, 246, zote maelfu. Akaweka kidole kwenye ya nne: tatu nyuma yake, tatu mbele yake. "Shangazi, hii ndiyo mediani. Elfu thelathini." Akaongeza kwamba hata ile oda ingeniletea 596,000, wastani ungepaa hadi 110,000 lakini mediani ingebaki palepale. Nilitamani kumzaba kibao kwa kuchelewa kuzaliwa.

Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton aliandika kuhusu shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe kwenye maonyesho ya Plymouth. Alikuwa na kadi 787, akachukua ya katikati: ratili 1,207. Mzani ulisema 1,198. Aliyekisia upuuzi hakuweza kuivuta namba hiyo kwake, kama Jumamosi yangu ilivyouvuta wastani.

Ndugu zangu, acheni kujidanganya kwa siku moja ya neema! Pangeni namba, tazameni katikati. Sisemi wastani ni takataka. Ukitaka jumla ya mwezi utauhitaji, maana mediani haioni kichen pati kabisa. Ila deni la kila siku linalipwa na siku ya kawaida. Tena hata mediani usiikumbatie: karibu nusu ya siku zako ziko chini yake. Mimi kwa marejesho ya 30,000 bado ningekwama siku tatu kwa wiki. Pangeni namba, nasema tena.

Yule dada nilimwambia anitumie siku zake zote, hata mbaya. Zilikuja nane. Nikazipanga: 19,000, 20,000, 21,000, 22,000, 23,000, 24,000, 26,000, 165,000. Idadi ya siku ikiwa shufwa, kama hizi nane, katikati zinakaa mbili. Unazijumlisha unagawanya kwa mbili. Mediani yake 22,500. Siku za kufikisha marejesho ni mbili tu.

Nikamuuliza hiyo 165,000 ilitoka wapi.

"Sherehe ya kipaimara, dada."

Nikamwandikia: kipaimara kingine lini? Ameshasoma. Bado hajajibu.