VirtualBox inakataa Ubuntu na kujikokota Windows: BIOS haina kosa

SWALI: Salamu mhandisi. Ninasomea mitandao ya kompyuta hapa Jinja. Nina ThinkPad T480 ya mtumba, ina Windows 11 na Ubuntu 24.04 pamoja. Kwenye Windows mashine pepe ninayoiendesha kwa VirtualBox, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu, inawaka lakini inajikokota, na chini ya dirisha la VirtualBox kuna kobe wa kijani. Kwenye Ubuntu haiwaki kabisa, inatoa VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE, na kabla ya kusasisha ilikuwa inafanya kazi. Nimeingia BIOS (programu inayoiamsha laptopu kabla ya mfumo) mara nyingi, VT-x (uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe) imewashwa. Fundi mmoja anataka shilingi 150,000 aandike BIOS upya. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Kuandika BIOS upya ni kazi ya hatari: umeme ukikatika katikati na betri ya mtumba ikashindwa kuhimili, unaweza kubaki na laptopu isiyowaka tena. Na huna sababu ya kujitia humo, maana ujumbe ulioniandikia unaitetea BIOS yako.

Usome vizuri. Unasema prosesa tayari iko katika hali ya VMX root, yaani kuna programu iliyokwisha kukabidhiwa VT-x. Kama BIOS ingekuwa imeifunga VT-x, hakuna programu ambayo ingeweza kufika huko. Kwa hiyo uwezo upo na umewashwa. VirtualBox imechelewa tu, imekuta mwingine ameushika. Usukani mmoja haushikwi na madereva wawili. Kinachokuchanganya ni kwamba kila mfumo una dereva wake, ndiyo maana dalili zako mbili hazifanani.

Tuanze na Ubuntu. Anayeshika huko ni KVM, programu ya Linux ya kuendesha mashine pepe, ambayo imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe. Zamani KVM ilikuwa inaishika VT-x pale tu unapowasha mashine pepe ya KVM. Kuanzia kerneli 6.12, iliyotoka Novemba 2024, inaishika mara moduli yake inapopakiwa, yaani Ubuntu ikiwaka tu, hata kama hujawahi kuigusa KVM. Ubuntu 24.04 ilianza na kerneli 6.8, lakini masasisho yamewapandisha wengi hadi 6.14 au zaidi. Ndiyo sababu ilikuwa inafanya kazi, kisha ikaacha bila wewe kubadilisha kitu. Thibitisha kwanza:

uname -r
lsmod | grep kvm

Ukiona 6.12 au zaidi, na kvm_intel imo kwenye orodha, jaribu hii:

sudo modprobe -r kvm_intel

Ikinyamaza, imefaulu. Washa mashine yako pepe, inapaswa kuwaka. Ila hiyo ni dawa ya mpaka utakapozima laptopu. Ya kudumu ni hii:

echo "options kvm enable_virt_at_load=0" | sudo tee /etc/modprobe.d/kvm-vbox.conf
sudo update-initramfs -u

Kisha uanzishe upya. Wapo watakaokushauri uipige marufuku kvm_intel moja kwa moja. Mimi sikushauri hivyo, na sababu ni masomo yako. Mwanafunzi wa mitandao hakawii kufika kwenye GNS3, programu ya kuigiza mitandao, na GNS3 kwenye Ubuntu huendesha ruta zake nyingi kwa QEMU (kiigizaji cha mashine) ikisaidiwa na KVM. Kwa mstari huo wa juu KVM inabaki, ila inarudia tabia yake ya zamani: inaishika VT-x inapohitajika tu. Utakachokosa ni kutumia KVM na VirtualBox kwa wakati mmoja.

Windows nako, kobe yule ni alama ya VirtualBox kwamba haikuipata VT-x moja kwa moja, inapitia kwa Hyper-V, hypervisa ya Microsoft, yaani programu inayosimamia mashine pepe. Hukuiwasha wewe. Windows 11 huitumia kwa ulinzi unaoitwa "Memory integrity", ambao mara nyingi huwa umewashwa tangu mfumo unaposakinishwa. WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) nayo huihitaji, pamoja na Docker Desktop inayoegemea WSL2.

Hapa nakuomba upime kabla ya kuzima. Ulinzi huo huzuia msimbo usioaminika kuingia kwenye kerneli ya Windows. Kama laptopu ndiyo unayofanyia miamala ya benki, una maana kubwa. Kwa kuwa una Ubuntu, mimi ningeacha Windows ilivyo na kuhamishia mazoezi yote ya mashine pepe upande wa pili.

Ukiamua kuzima hata hivyo, tafuta kwanza ufunguo wa BitLocker (ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa siri) wenye tarakimu 48. Kubadilisha mipangilio ya uwashaji kunaweza kuifanya Windows iudai, na kwenye laptopu ya mtumba nimeona watu wakigundua kwamba ufunguo uko kwenye akaunti ya mwenye mashine wa zamani. Ukiwa nao mkononi, zima "Memory integrity" ndani ya Windows Security, halafu fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Maliza kwa Restart, si Shut down. Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down haiizimi kerneli ya Windows. Huihifadhi kwenye diski na kuirudisha kesho ikiwa ileile. Ukitaka kurudi ulikotoka, andika auto badala ya off.

Hiyo Fast Startup izime kwa vyovyote, hata usipogusa Hyper-V:

powercfg /h off

Ikiwa faili za mashine zako pepe ziko kwenye sehemu ya diski yenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows) inayotumiwa na mifumo yote miwili, Ubuntu ikiikuta Windows imelala nusu itakataa kuandika humo. Na kila unapotaka kuhama mfumo, zima mashine pepe kabisa kutoka ndani yake. Usiiache kwa "Save state", maana hali iliyohifadhiwa chini ya Windows haitegemewi kuamka salama chini ya Ubuntu.