Wageni Wakija Nairobi: Siku Moja, Upande Mmoja wa Jiji

Ndugu wakija kutoka Dar, Tanga au Unguja huwa tayari wana yao kichwani: tembo, twiga, simba, makumbusho, nyama choma, na siku ya kununua nguo Islii (Eastleigh). Yote yanawezekana kwa wiki moja. Kinachowashinda wenyeji wengi ni foleni. Ukiwapeleka wageni Karen asubuhi, Islii mchana na Westlands jioni, watarudi wameona madirisha ya basi la matatu tu. Kwa hiyo panga kila siku kwa upande mmoja wa jiji, toka kabla ya saa kumi na mbili unusu asubuhi au baada ya saa tatu, na uwe umeshaanza kurudi nyumbani saa tisa alasiri. Mvua ikinyesha, ongeza muda na nauli, maana vyote hupanda.

Kabla hawajasafiri, waambie ukweli kuhusu baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mtu wa pwani huteseka hasa usiku. Walete sweta na soksi, nawe weka blanketi mbili kila kitanda.

Shawa ya umeme nayo inahitaji maelezo siku ya kwanza, kabla mgeni hajavua nguo. Swichi ya ukutani huwashwa kwa mkono mkavu. Maji yakitoka ya uvuguvugu, funga bomba kidogo, kwa sababu maji yanayopita polepole hupata moto zaidi. Ukifunga mno, shawa hujizima yenyewe na maji yanageuka barafu. Na mgao wa maji ukiwa umepita, mabomba yakiwa na hewa, kwanza acha maji yatiririke swichi ikiwa imezimwa mpaka yatoke sawasawa. Koili, yaani waya unaopasha maji ndani ya shawa, ikipata moto bila maji huungua, na hapo ni fundi na koili mpya. Jaza mitungi siku maji yapo, nunua tokeni za umeme za kutosha, na mjulishe soja wa getini majina ya wageni ili wasizuiliwe kila wakirudi.

Siku ya Lang'ata ndiyo nzito, na inastahili siku yake peke yake. Kituo cha tembo yatima cha Sheldrick hupokea watu saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Ukifika getini bila hiyo unarudishwa. Wafike kabla ya saa tano, kwa sababu unyweshaji wa maziwa ukianza hausubiri mtu. Baadaye nenda Giraffe Centre, ambako mgeni hupanda jukwaani na kumlisha twiga kwa mkono. Hapo hufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana.

Wanaotaka simba waingie Hifadhi ya Taifa ya Nairobi alfajiri, geti linapofunguliwa saa kumi na mbili. Humo ndani huwezi kuzunguka kwa miguu, gari ni lazima, na barabara za udongo zikilowa gari la chini litakwama. Waambie mapema kwamba tembo hawamo katika hifadhi hii, maana wengi huwatafuta asubuhi nzima. Kama huna gari na kuna watoto, mimi ningechagua Safari Walk, bustani ya wanyama iliyo kando ya geti kuu la Barabara ya Lang'ata. Mnatembea kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa, na matatu za Rongai, namba 125 na 126, hupita hapo kutoka kituo cha Railways, katikati ya jiji.

Mambo mawili hukwamisha watu getini. La kwanza ni malipo: kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu, na bei hutofautiana kwa uraia, kwa hiyo kila mtu awe na pasipoti au kitambulisho. La pili ni chupa za plastiki za kutupwa. Tangu Juni 2020 haziruhusiwi katika hifadhi na misitu ya taifa, msitu wa Karura ukiwemo. Wanunulie chupa za chuma na ujaze maji nyumbani.

Mjini kwenyewe, nenda Jumapili asubuhi, barabara zikiwa wazi. Makumbusho ya Taifa yana mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale sana, iliyofukuliwa mwaka 1984, na hakuna kitu Nairobi kinachomnyamazisha mgeni kama hicho. Kisha pandeni juu ya KICC, jengo refu la mikutano, muone jiji lote.

Mgeni asajiliwe laini kwa pasipoti yake, apate M-Pesa, kwani hata muuza mahindi hulipwa kwa simu. Kwenye matatu aulize nauli kabla ya kupanda na asishike simu karibu na dirisha lililo wazi.

Nyama choma Kenyatta Market huuzwa kwa kilo. Kilo moja huwatosha watu wawili au watatu, pamoja na ugali na kachumbari. Chagua kipande mwenyewe, ulizia kama ni halali, na uagize kabla njaa haijawauma, kwa sababu kuchomwa huchukua karibu saa nzima. Nyama ya ngamia iko Islii. Iunganishe na siku ya manunuzi.

Siku ya kuondoka, toka nyumbani angalau muda wa saa nne kabla ya ndege. Kwenye ukaguzi wa kuingia uwanja wa ndege wa JKIA abiria hushuka na kupita kwa miguu, dereva akipita na gari. Simu na pasipoti ziwe mkononi, na mkubaliane na dereva mahali pa kukutana upande wa pili.