Mpira Umeshaondoka, Bado Unausindikiza

Katika miaka minne ya kwanza ya kucheza gofu hapa Dar es Salaam, niliamini kwamba pigo zuri hutengenezwa na mikono pale pale fimbo inapokutana na mpira. Nilikaza viganja na, nikiwa na fimbo za chuma, nilikunja vifundo vya mikono ili kuunyanyua mpira kama mtu anayechota maji kwa kata. Kedi mmoja (mbeba fimbo za mchezaji) mtu mzima, aliyekuwa amenitazama mashimo sita bila kusema neno, aliniambia: "Mkubwa, mpira umeshaondoka, wewe bado unausindikiza." Nilidhani ananitania, mpaka nilipopiga hesabu.

Draiva, yaani fimbo ya kupigia mbali zaidi, na mpira hugusana kwa takriban nusu ya milisekunde, yaani sehemu moja ya 2,000 ya sekunde. Kichwa cha fimbo kikienda kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, mguso wote huanza na kwisha ndani ya sentimita mbili hivi za safari yake. Mpira, ambao kwa sheria hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, hubonyea, hujirudi, kisha huondoka kwa kasi ya mita 67 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo huipita ya fimbo kwa sababu kichwa chenye gramu zipatazo 200 kimeugawia sehemu ya mwendo wake, nacho kimebaki na mita 30 hivi kwa sekunde. Wastani wa kani inayoufanya mpira utoke hivyo ni kama nyutoni 6,000, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 600, na sijui ni kiganja gani kingeongeza kitu hapo. Hata ule mtetemo mtamu, au mchungu, unaousikia mikononi hukufikia mpira ukiwa tayari hewani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uache kurekebisha pigo wakati wa mguso, ushughulikie yanayoamuliwa kabla yake: kasi ya kichwa, njia kinayopita, mwelekeo wa uso wake, na mahali mpira unapogusa uso huo. Mpira huanza safari ukifuata zaidi uso wa fimbo unakotazama, na hupinda pale njia ya fimbo inapotofautiana na mwelekeo huo.

Mimi kilichoniponza ni mahali pa mguso. Chora nukta nene juu ya mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uielekeze kwenye fimbo, upige, kisha utazame ilipojichapa. Nukta zangu zilirundikana upande wa kwenye mpini, nami kwa muda wote huo nilikuwa nikilaumu nguvu zangu. Mpira ukigusa mbali na katikati, kichwa hujizungusha kwenye kitovu chake cha uzito, na nishati iliyopaswa kwenda kwenye mpira huishia katika kukisokota. Kwa draiva kuna jambo la ziada: kichwa kikizunguka upande mmoja, mpira huzungushwa upande wa pili, kama gia mbili zilizong'atana. Ndiyo maana uso wa draiva umebinuka kidogo, ili mpira uliopigwa kwa ncha, yaani upande ulio mbali na mpini, uanzie nje kisha ujirudishe ndani.

Kuhusu kunyanyua, mwinamo wa uso wa fimbo ya chuma unatosha kuupandisha mpira, na msuguano huuzungusha kinyumenyume ukae hewani. Anayechota hugusa ardhi kwanza, au huupiga mpira tumboni kwa ukingo wa chini, ukaenda ukitambaa. Majani mabichi yakiingia katikati, hasa wakati wa masika, msuguano hupungua na mpira hutua ukiserereka mbele kuliko ulivyotarajia. Mimi hujizoeza kwa kuweka taulo dogo lililokunjwa shubiri moja nyuma ya mpira: nikiligusa taulo, nimechota.

Bado natembea na ile kalamu kwenye mfuko. Ikifika shimo la 15 na nukta zikianza kuhama, hushika mpini chini zaidi kwa upana wa vidole viwili na kuacha kutafuta umbali.