Jemadari humtii nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliandika wasifu wa babu yangu, aliyestaafu jeshi akiwa sajini, nikausoma msibani hapa Mafinga. Nilimwita "jemadari mtiifu kwa askari wake". Mzee mmoja wa ukoo akaniambia nimekosea: jemadari hawatii askari. Akasema pia kwamba neno jemadari ni la Kiarabu kama askari. Sasa tunataka kuyaandika maneno hayo kaburini. Je, yuko sahihi?

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba.

Kwenye kutii, mzee amesema kweli. Utii hupanda juu: mtoto humtii mzazi, kuruta humtii afande. Ukimwita babu mtiifu kwa askari wake, umesema wao walitoa amri na yeye akapiga saluti. Nionavyo, ulitaka kusema hakuwatupa. Hapo neno ni uaminifu, ndugu wa amana kwa shina. Amana ni mali ya mwenzio uliyokabidhiwa uitunze, na roho za askari ni amana kwa anayewaongoza. Kwa hiyo uaminifu hupanda na hushuka. Mkubwa anaweza kuwa mwaminifu kwa mdogo wake bila kupungukiwa na kitu.

Tazama historia ya hapo hapo kwenu. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Zelewski. Siku hiyo wapiganaji walimtii Mkwawa, mtawala mwenye nguvu zake zote. Lakini ngome ya Kalenga ilipoanguka mwaka 1894, akawa mtu wa kujificha porini, na kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Bado wapo waliomlisha na kumficha, hadi alipojiua Mlambalasi mwaka 1898. Mimi hao siwezi kuwaita watiifu tu. Mtu hutii hata kwa woga. Kumficha aliyeshindwa, huku rupia 5,000 zikikungoja, ni uaminifu.

Na hiyo rupia ni neno la Kihindi, jambo linalotufikisha kwa jemadari. Hapa mzee ameteleza kidogo. Askari ni Kiarabu, afande ni Kituruki, lakini jemadari tulimpokea kutoka Bara Hindi. Lile -dari la mwisho ni la Kiajemi, maana yake mwenye kushika. Usilichanganye na dari ya nyumba. Katika jeshi la Waingereza huko India, jemadari alikuwa afisa wa ngazi ya chini kabisa, na mitaani jina hilo likafika hata kwa wafagiaji. Kwetu likapanda. Sultani wa Zanzibar aliwaweka Wabaluchi kwenye ngome zake za pwani, na wakubwa wao waliitwa majemadari. Aliyemwona jemadari ngomeni hakuona mwanajeshi mkubwa kuliko yeye, na naamini ndiyo sababu neno likakua hadi Biblia ya Kiswahili ikamwita Naamani jemadari wa jeshi la mfalme wa Shamu.

Singe, kile kisu cha kwenye mtutu wa bunduki, nacho kimetoka huko huko. Hata gunia la viazi pale Uyole, na laki unayolilipia, yametoka huko. Hakuna anayeyaonea haya, basi na jemadari asionewe.

Ila kaburini kuweni waangalifu. Katika vyeo vya JWTZ, kuanzia luteni usu hadi jenerali, hakuna jemadari. Ni neno la sifa, na sifa mahali pake ni kwenye wasifu. Jiwe litasomwa na wajukuu wasiomjua, na cheo alichokitolea jasho ni sajini. Mimi ningeandika hivi: "Sajini," kisha jina lake, na chini yake: "Hakumwacha askari wake nyuma."