Kriminolojia: Nikimaliza Nitakuwa Mpelelezi?

SWALI: Shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nipo Ujiji. Nataka kusoma kriminolojia niwe mpelelezi. Baba anasema nitaishia kulinda geti. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba. Shahada hiyo peke yake haikufanyi mpelelezi. Anayetaka upelelezi wa polisi hupitia ajira za Jeshi la Polisi na mafunzo yake, na sifa za umri na elimu hutajwa kwenye tangazo. Lakini geti nalo si fungu lako. Mweleze mzee kwa heshima.

Kriminolojia inauliza kwa nini uhalifu unatokea, nani anaumia na adhabu inasaidia nini. Kinachowaangusha wengi ni takwimu. Tuseme kata moja ya Ujiji imepata kituo cha polisi, na wizi ulioandikishwa ukapanda kutoka matukio 40 hadi 70 kwa mwaka. Wezi wameongezeka? Huenda watu wamepata tu pa kuripoti. Ili ujue, unapita nyumba kwa nyumba ukiuliza nani aliibiwa, na nani kati yao alikwenda kituoni. Anayeweza kazi hiyo, akapanga majibu kwenye kompyuta na kuandika ripoti inayoeleweka, ana cha kuonyesha kwenye usaili. Usikimbie hesabu.

Kazi tunayoipenda zaidi, na wachache wanaijua, ni ya huduma za uangalizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi za jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Kabla ya hapo afisa wa uangalizi hufika anakoishi mkosaji, akaongea na mwenyekiti wa mtaa, mwajiri na aliyekosewa, kisha akamwandikia hakimu ripoti. Ripoti ikiandikwa kwa maneno ya mkosaji na mama yake tu, hakimu anaamua gizani, na mtu anaweza kurudishwa jirani na yule aliyemuumiza.

Zipo pia TAKUKURU, Magereza, na benki, ambazo sheria ya 2006 dhidi ya utakasishaji fedha inazidai taarifa za miamala yenye shaka. Kwa aliye Kigoma, usisahau mashirika yanayowalinda watoto na wanawake katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Kujiunga na shahada, uwe na ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, E ni 1). Kozi nyingine zinataka zaidi. Kozi zenye jina la kriminolojia ni chache kwetu, kwa hiyo sosholojia au ustawi wa jamii ni njia nzuri tu. Hakikisha kozi imo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla hujalipa ada ya maombi.

SWALI: Nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), napenda kupima damu ya eneo la tukio. Kozi ni hiyohiyo? – Msomaji, Tabora

JIBU: Hapana. Hiyo ni sayansi jinai: shikilia kemia na baiolojia. Vipimo vya DNA nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Jizoeze mapema kuandika kila kitu: nani alichukua sampuli, saa ngapi, alifunga kwa lakiri ipi, alimkabidhi nani, na kila mmoja asaini. Bahasha ikifika lakiri imekatika na hakuna maelezo, kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na mahakama bado ikakikataa.