Dodoso la walimu kuhusu ukatili shuleni: anza na walichokiona

Swali "Je, kuna ukatili shuleni kwenu?" halipimi kitu. Mwalimu mmoja akilisoma anawaza ngumi na visu, mwenzake anahesabu hata majina ya kejeli. Wote wataandika "kidogo", na hutajua kama wamekubaliana au wamepishana. Taja kitendo chenyewe: kumpiga mwenzake, kumnyang'anya vitu, kumtenga makusudi, kumtukana mwalimu, kusambaza picha za kumdhalilisha mtu. Vitendo vya walimu dhidi ya wanafunzi navyo viwe na sehemu yake, hata kama uongozi hautapenda.

Weka muda maalumu: "katika siku 30 zilizopita". Majibu yawe hakuna, mara 1, mara 2 au 3, kila wiki, karibu kila siku. Ukiandika "mara kwa mara", kila mtu ataleta kipimo chake. Kisha uliza, kwa alama 1 hadi 5, kitendo hicho ni kizito kiasi gani. Hapo utaona jambo linaloumiza: kumtenga mtoto mara nyingi hupewa uzito mdogo kuliko kumpiga, na kisichoonekana kizito hakiripotiwi.

Sehemu ya usimamizi ndiyo inayoharibika zaidi. "Shule inashughulikia matukio haraka na kwa haki" ni maswali mawili ndani ya moja. Anayeona kuna haraka bila haki atajibu nini? Afadhali umrudishe kwenye tukio la mwisho aliloliona. Alifanya nini papo hapo? Alimjulisha nani? Liliandikwa popote? Alipata mrejesho? Aliyeumizwa alifuatiliwa baadaye? Na "sijui" iwe na kisanduku chake pembeni, isichanganywe na namba 3 ya katikati. Walimu wengi wasiojua pa kuripoti ni tokeo kubwa kuliko wastani wowote.

Usiri usiuchukulie kwa wepesi. Penye walimu 12, jinsia, somo na miaka ya kazi vikiwekwa pamoja vinamtaja mtu bila jina. Uliza kimoja tu, tena kwa makundi mapana. Mwalimu mkuu asikusanye karatasi. Ziingie kwenye sanduku lililofungwa. Kundi lenye watu chini ya 5 usilitolee takwimu zake peke yake.

Kabla ya kusambaza, walimu 5 hadi 8 wasome kila swali kwa sauti na waeleze wameelewa nini. Kisha lijaribu kwa walimu kama 30 wa shule nyingine. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya sehemu moja yanavyokwenda pamoja, ikifika 0.70 kwa kila sehemu inatosha kuanzia; ikizidi 0.95, huenda unarudia swali lilelile kwa maneno tofauti. Ikitoka hasi, angalia kwanza kama sentensi za kukanusha umezigeuza alama (5 iwe 1, 4 iwe 2, na kinyume chake).

Majibu haya si hesabu ya matukio. Vyooni na njiani walimu hawapo, kwa hiyo waulize wanafunzi vitendo vilevile, kwa siku zilezile 30, na pengo likionekana anzia hapo kupanga zamu.